Kwani Hukupima Bati?

Wasee, leo naongea kama mtu ako na deni.

Mwaka jana nilichora raki ya viatu ya bedsita, ile ya kukaa nyuma ya mlango. Miezi mitatu nikikodolea kompyuta macho. Kila rafu kama trei, kingo zote nne zimekunjwa kuenda juu, safi kabisa. Nikatoa sampuli ndogo ya plastiki kwa printa ya 3D, nikapiga picha, nikaposti. Oda 34 kwa wiki moja, kila mtu ametuma 700 ya mwanzo. Nikajua nimeomoka.

Hapo ndipo nilienda Kariobangi Light Industries kutafuta fundi. Mara ya kwanza. Mzee akaishika, akaigeuzageuza, akaniuliza, "Kijana, huu upande wa nne nitaukunja na nini?"

Mashine yake ya kukunja bati ina chuma kimoja kirefu kilichonyooka. Kingo mbili zinazotazamana zinakunjika bila shida. Ukija kwa zile zingine, zile za kwanza zinagonga hicho chuma. Kwa hivyo inabidi akate kona, achomelee, asage alama, apake rangi. Kila rafu. Na raki moja ina rafu nne. Bei yangu ikafa hapo hapo.

Halafu kuna hii, ambayo hadi leo inaniuma. Bati la kawaida linakuja futi 4 kwa 8, yaani upana wa kama sentimita 122. Kipande changu kilikuwa 42. Vinatoka viwili, sentimita 38 zinabaki takataka. Kingekuwa 40 vingetoka vitatu. Mzee akanicheka: "Kwani hukupima bati?" Mimi nilikuwa nimepima viatu.

Najua mtaniambia fundi ukimwuliza mapema atakuzimia idea, kila kitu kipya kwake "haiwezekani". Enyewe wako hivyo, wengine. Huyu pia alikataa rafu zangu za kuinama, nikasisitiza, siku ya pili akanipigia amepata njia: toboa mashimo ya nyuma juu kidogo kuliko ya mbele. Hakuna kukunja kwingine. Hiyo njia singeiona kwa skrini hata mwaka uishe.

Angalia jiko la kauri, lile la makaa liko kwenu. Wazo lilitoka Thailand, na miaka ya 1980 mwanzoni likafanyiwa kazi hapa hadi likawa na kile kiuno. Mnadhani kiuno ni urembo? Udongo uko nusu ya juu peke yake, na bati linalopanuka kwenda juu ndilo linaubeba. Mafundi wa jua kali wanagonga bati, mara nyingi la mabaki, kwa nyundo na mkasi. Wafinyanzi wanachoma udongo kwingine kabisa. Ukipasuka, unabadilisha udongo, bati linabaki. Huwezi kuchora hicho kitu kwanza halafu ndio uanze kuuliza nani atakitengeneza. Mikono ya Gikomba na Shauri Moyo iko ndani ya hiyo shepu.

Lakini nenda mashindano yetu ya ubunifu uone. Mtu anapewa cheki kubwa ya kadibodi kwa sababu ya kitu kimoja kinang'aa mezani. Hakuna jaji anauliza cha mia moja kitatoka aje, kwa mashine gani, na ni nani atalipia vile vipande vinatupwa. Mimi ningeuliza hilo kabla hata ya kuuliza kinafanya nini.

Raki mpya ina kingo mbili pekee, kipande cha 40, na tuliichora na mzee kwa chaki juu ya bati lenyewe. Sio kali kama ile ya kwanza, nakubali. Lakini inatoka.

Wale 28 nimewarudishia doo yenu. Sita mliobaki, mko kwa daftari. Ijumaa.