Tathmini ya darasani Kenya: dira ya mwalimu au mtihani mwingine?

Kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa umilisi nchini Kenya liliingia gredi ya kumi mwezi Januari mwaka 2026, baada ya zaidi ya wanafunzi milioni moja kufanya tathmini ya gredi ya tisa, KJSEA, mwishoni mwa mwaka 2025.

Safari hii nafasi ya mwanafunzi katika shule ya sekondari ya juu haikutegemea karatasi za mwisho peke yake. KJSEA ilichangia asilimia 60 ya alama na tathmini ya gredi ya sita asilimia 20. Asilimia 20 iliyobaki ilitokana na kazi zilizosahihishwa na walimu wenyewe katika gredi ya saba na ya nane.

Kwa wengi huo ni ushindi wa mwalimu, ambaye hatimaye amepewa sauti katika hatima ya mwanafunzi wake. Hata hivyo, utaratibu huo umezua swali zito. Je, alama inayomfungulia mtoto mlango wa shule anayoitamani yaweza pia kumweleza mwalimu, bila kuficha, jambo ambalo mtoto huyo hajalielewa?

Urithi wa KCPE

Tangu mwaka 1985 hadi mwaka 2023, elimu ya msingi nchini Kenya ilihitimishwa kwa mtihani wa KCPE. Miaka minane ya masomo ilifupishwa kuwa tarakimu moja, ambayo katika miaka ya mwisho ya mtihani huo ilikuwa kati ya alama 500.

Kasoro ya mtihani huo haikuwa ugumu wake tu, bali pia wakati wake. Matokeo yalitangazwa mwanafunzi akiwa amekwisha kuaga shule ya msingi. Mwalimu aliyebaini kwamba darasa lake halikuelewa sehemu fulani ya hesabu hakuwa tena na darasa hilo la kulirudia.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari mwaka 2019, ulikusudia kuiziba pengo hilo. Mwanafunzi hupimwa mara kwa mara angali darasani, na kazi yake huwekwa katika ngazi nne: kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, au kuwa chini ya matarajio.

Kosa lenye habari

Wataalamu wa elimu hutofautisha upimaji wa namna mbili. Upo ule unaotoa hukumu baada ya masomo kwisha, na upo ule unaofanyika masomo yakiendelea ili kumwelekeza mwalimu na mwanafunzi.

Mfano ni somo la sehemu katika hisabati. Mwalimu anauliza ipi kubwa kati ya 1/3 na 1/4, na nusu ya darasa inajibu 1/4. Katika mtihani wa mwisho jibu hilo hupata sifuri, na habari huishia hapo.

Kwa mwalimu anayepima ili afundishe, kosa hilo lina habari ndani yake. Linaonyesha kwamba wanafunzi wanalinganisha 4 na 3 kana kwamba ni idadi nzima. Dawa yake si mazoezi 20 zaidi ya aina ile ile, bali ni kurudi kwenye chapati inayogawanywa kwa watu watatu, kisha kwa watu wanne, kabla ya kusonga mbele.

Lakini upimaji wa aina hiyo una sharti moja: mwanafunzi awe huru kukosea, na mwalimu awe huru kuandika kwamba mwanafunzi hajui.

Kazi mbili, alama moja

Hapo ndipo mvutano unapojitokeza. Mwalimu anayeandika "chini ya matarajio" leo anajua kwamba huenda neno hilo likamfuata mwanafunzi hadi siku ya kupangiwa shule. Anajua pia kwamba mwenzake wa shule jirani anaweza kuwa mkarimu zaidi.

Wazazi nao wana mchango wao. Malalamiko kwamba miradi ya wanafunzi hukamilishwa nyumbani na watu wazima yamesikika tangu miaka ya mwanzo ya mtaala huu. Mradi uliofanywa na mama au kaka unaweza kuleta alama nzuri, lakini haumwelezi mwalimu lolote kuhusu mtoto.

Utafiti nao unatahadharisha. Mwaka 1988 Ruth Butler, mtafiti wa Israel, alichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha wanafunzi waliogawanywa katika makundi matatu: waliopewa alama tu, waliopewa maoni tu kuhusu kazi zao, na waliopewa vyote viwili. Waliopata maoni pekee ndio waliopiga hatua. Pale alama ilipoambatana na maoni, faida ya maoni ilitoweka.

Mzigo wa mwalimu

Upo pia ugumu wa kila siku. Matokeo ya tathmini za shuleni hupelekwa kwa njia ya mtandao kwa Baraza la Kitaifa la Mitihani, KNEC. Kwa mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 60 katika shule isiyo na intaneti ya kuaminika, kujaza alama kunaweza kumeza muda ambao ungetumika kuzitafakari.

Hata hivyo, Kenya ina ushahidi wake kwamba kupima kwa ajili ya kufundisha kunawezekana. Katika jaribio lililoanza mwaka 2005 katika shule 121 za magharibi mwa nchi, baadhi ya shule ziliwagawa wanafunzi wa darasa la kwanza kwa kiwango chao. Walimu waliweza kufundisha kulingana na hali ya darasa, na wanafunzi wa viwango vyote, wenye uwezo mdogo wakiwemo, walinufaika.

Mpango wa kusoma wa Tusome, ulioanza mwaka 2015, nao uliwapeleka maafisa wa elimu madarasani wakiwa na tableti. Waliwasikiliza wanafunzi wachache wakisoma, kisha wakamshauri mwalimu papo hapo. Lengo lilikuwa kuboresha somo linalofuata.

Somo kwa majirani

Suala hili halikomei Kenya. Nchini Uganda, mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umetenga asilimia 20 ya matokeo ya mwisho kwa upimaji endelevu wa shuleni. Tanzania nayo kwa muda mrefu imejumuisha maendeleo ya mwanafunzi shuleni katika matokeo ya kidato cha nne.

Serikali zina sababu ya kufanya hivyo, kwani kazi isiyo na alama ni rahisi kupuuzwa. Lakini si lazima kila upimaji uhesabiwe. Kazi chache, zilizopangwa na kusimamiwa kwa utaratibu mmoja, zinaweza kutumwa kwa baraza la mitihani. Maswali ya kila siku, madaftari na mazungumzo ya darasani yangebaki kati ya mwalimu na mwanafunzi wake, bila tarakimu.

Uamuzi huo hauhitaji mtaala mwingine. Unahitaji mafunzo kwa walimu, madarasa yenye idadi ya wanafunzi inayomudu kusikilizwa, na wakaguzi watakaomuuliza mwalimu alibadilisha nini katika somo lake baada ya kupima, kabla ya kumuuliza kama amekwisha kutuma alama.