Askari wa Udongo



Mwezi huu twapenda kuzungumza na wazee pamoja na vijana wao juu ya michezo ya watoto, kwani jambo limetufika chuoni kwetu huku Hanang.

Mwanafunzi wetu mmoja wa miaka 12 alikuja na askari tisa wa udongo, hakuna apitaye urefu wa kidole. Alikuwa akiwapaka rangi ili awapeleke katika mashindano ya kazi za mikono. Wenziwe wakapiga kelele: "Masanamu! Haramu!" Nasi, hatufichi, tulikwisha kuunyosha mkono tuwavunje.

Mara tukakumbuka yaliyomo katika Bukhari na Muslim: Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere wake nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), wala hakukatazwa. Tena Bibi Rubayyi binti Muawwidh (R.A.) ameeleza ya kuwa watoto walipofungishwa saumu ya Ashura walitengenezewa vitu vya kuchezea vya sufu, wasahau njaa. Kwa hiyo wanavyuoni wengi wamevitoa vitu vya kuchezea watoto katika katazo la masanamu, ijapokuwa wako waliokataza. Ama sanamu ya kutukuzwa haimo kabisa katika ruhusa hiyo.

Tukarudisha mkono, tukatazama vizuri. Askari wale hawakushika bunduki; walishika sepetu. Tulipomwuliza, akajibu: "Hawa ndio waliokuja Katesh, maalim."

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaua watu zaidi ya 80, na askari wa Jeshi la Wananchi wakaja kufukua. Mtoto hakusahau. Lau tungaliwavunja, tungaliivunja shukrani yake, naye angalidhani kuwa dini ndiyo iliyoivunja.

Tukampa ruhusa kwa sharti: mashindano yakiisha, wawe vitu vya kuchezea nduguze wadogo, wasiwekwe kuwa pambo.

Nanyi wazazi, twawausieni matatu. Kwanza, mtazame rangi. Huko London kampuni ya William Britain ilianza mwaka 1893 kutoa askari wa kuchezea wa madini ya risasi, walio wazi ndani, na watoto wengi waliwachezea. Leo yajulikana kuwa risasi ni sumu kwa mtoto, nayo yaweza kuwamo hata katika rangi za mafuta. Udongo mwekundu, chokaa na mkaa vyatosha. Pili, msimpakie mtoto kazi yake kisha akaitwa mshindi. Huko ni kumfunza uwongo. Tatu, adhana ikilia, brashi iwekwe chini.

Na kabla ya kuvunja kazi ya mtoto, mwulizeni kwanza ameikusudia nini. Sisi tulikaribia kukosa.

Wa billahi taufiq.