Mtoto Asianze Moja Tena

Wazazi wa Pwani, tuamkeni! Januari 2026 watoto wetu wameingia Gredi ya 10, na teknolojia ya bahari na uvuvi imo kwenye orodha ya masomo. Vizuri. Lakini ni shule ngapi za Lamu, Kwale na Kilifi zilizo na karakana na mwalimu wa kuifundisha?

Kule Brooklyn, shule ya P-TECH tangu 2011 inampa mwanafunzi cheti cha sekondari pamoja na shahada ya miaka 2 ya chuo, bila karo. Kwetu mtoto ashike spana miaka 3, kisha chuoni aambiwe aanze moja, na karo juu? Hatukubali. Saa zake za karakana zihesabiwe!

Mkutano ujao, mwulizeni mwalimu mkuu hilo kabla hajafika kwa pesa za tuisheni.