BUSTANI ZA UFIPA ZISIWE MADARAJA YA WADUDU

Kila mwaka, mvua zinapokatika katika nyanda za juu za Ufipa, mkulima wa Sumbawanga huteremka bondeni penye unyevu, akapanda kabichi, nyanya, maharage na mahindi ya kuchoma. Bustani hizo ndizo zilishazo nyumba wakati wa baridi, na ndizo zinunuazo chumvi na madaftari ya watoto kabla ya mahindi makavu kupata bei. Hapana mwenye busara atakayezilaumu. Hata hivyo yatupasa kusema wazi: bustani isiyotunzwa kwa utaratibu ni daraja wanalovukia wadudu kutoka msimu mmoja kwenda mwingine.

Mfano u mbele ya macho yetu. Kiwavijeshi vamizi, mdudu mwenye asili ya bara la Amerika, aligunduliwa Afrika Magharibi mwaka 2016. Mwaka 2017 alikwisha kuingia Tanzania, na Rukwa ilikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kumwona. Mdudu huyu hana majira ya kulala. Mashamba yakikauka, hutafuta mmea mbichi popote ulipo, na mahindi ya bondeni humpa malazi na chakula hadi mvua zirudi. Nondo wake jike aweza kutaga mayai zaidi ya elfu moja, naye huruka mwendo mrefu usiku. Mpaka wa shamba kwake si kitu.

Yuko na adui wa namna nyingine, funza wa mabua. Yeye hujificha ndani ya bua kavu lililosahauliwa shambani, akangoja mvua. Basi mmoja huishi katika kibichi na mwingine katika kikavu, na uzembe wa mkulima huwahifadhi wote wawili.

Watu wa Ufipa hawahitaji kufundishwa na wageni kwamba adui hupigwa mahali anapozaliwa. Chini ya ukingo wa nyanda zao liko Bonde la Rukwa, mojawapo ya mazalio makubwa ya nzige wekundu. Nzige hao walitapakaa katika nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1930 hadi 1944. Mwaka 1949 serikali zilizotawala wakati huo zilikubaliana kuunda chombo cha pamoja cha kuyalinda mazalio, makao yake yakiwa Abercorn, mji uitwao leo Mbala. Nzige walipozidi tena mwaka 2009, walipigwa huko huko katika mbuga za Katavi na Rukwa, na dawa iliyotengenezwa kwa kuvu ilitumiwa. Ikiwa mataifa yaliweza kupatana juu ya nzige, yawezekanaje majirani wa bonde moja washindwe kupatana juu ya kiwavi?

Kazi yenyewe yajulikana. Mabua ya shamba lililovunwa yasiachwe yamesimama: yafukiwe, walishwe mifugo, au yalazwe juani majuma kadhaa kabla ya kujengea ua. Wazee waliofukia majani chini ya matuta ya intumba walirutubisha udongo bila senti moja. Ustadi huo ungali na faida. Palipovunwa nyanya pasipandwe tena nyanya, mnafu wala bilinganya, kwa kuwa kantangaze, aliyeingia nchini mwaka 2014, hula jamii hiyo yote. Kabichi nayo ipokewe na maharage au vitunguu.

Tena mkulima aikague bustani yake angalau mara mbili kwa juma. Mayai yaliyokusanyika chini ya jani huondolewa kwa kidole. Kiwavi akikwisha kuzama moyoni mwa mhindi, dawa haimfikii kwa urahisi. Anayenyunyiza kila siku bila kukagua huua nyigu na buibui wanaomsaidia, huku nondo wa kabichi akizoea sumu. Na anayevuna kabla ya siku zilizoandikwa kwenye chupa kwisha humlisha jirani yake sumu hiyo.

Lakini juhudi ya mtu mmoja haitoshi. Mama aliyesafisha kitalu chake ataliwa mboga zake ikiwa vitalu viwili vya jirani vimeachwa na masalia yanayooza. Kwa hiyo serikali za vijiji na ziweke siku moja ya kusafisha bonde zima, na muda maalumu ambao mahindi mabichi hayatakuwapo bondeni kabla ya mvua mpya. Jambo hili litawaumiza wachache kwa majuma machache. Kuliacha kutawaumiza wote mwaka mzima.

Serikali nayo isijitoe. Sheria ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na wananchi wana haki ya kuona manufaa yake vijijini. Dawa ifikayo wakati kiwavi yumo guguni ni gharama bure. Bwana shamba asiye na chombo cha kumfikisha bondeni hawezi kuonya mtu.

Mdharau mwiba guu huota tende. Wakulima wa Ufipa, mvua zikatikapo, msilaze majembe: shamba la Novemba hulindwa tangu Mei.