Simu imesema nini hasa?

Niko Rågsved, kusini mwa Stockholm. Leo nina ugomvi na vijana ninaocheza nao sataranji huku. Tukibishana juu ya hatua fulani, mmoja anachomoa simu, programu ya Stockfish inatoa jibu, mjadala umefungwa. "Simu imesema, mzee." Haya, imesema nini?

Mji huu una historia na mambo haya. Mwaka 1974 Stockholm iliandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya sataranji ya kompyuta, na programu ya Kisovieti iitwayo Kaissa ikatwaa ubingwa kwa kushinda michezo yake yote minne. Miaka mitatu baadaye, Toronto, Kaissa ilikutana na Duchess ya Marekani. Mfalme wa Kaissa akatishiwa na malkia. Kila mtu alitarajia asogezwe pembeni tu. Badala yake Kaissa ikaweka ngome katikati, ikaliwa bure! Watazamaji walidhani mashine imeharibika, akiwemo Botvinnik, bingwa wa dunia wa zamani. Baadaye kompyuta ilipoulizwa kulikoni, ikaonyesha: mfalme angesogea, Duchess ingemtoa malkia wake kafara na kumfunga mfalme huyo katika hatua chache.

Naam, hesabu ilikuwa sahihi. Lakini uchaguzi je? Bila ngome ile Kaissa ilishindwa vilevile. Mimi ningesogeza mfalme, nikauchuna, nikaomba mpinzani asilione. Kama Botvinnik hakuliona, wangapi wangeliona? Programu ya kuhesabu humchukulia mpinzani kuwa anaona kila inachokiona yenyewe. Binadamu anamwangalia usoni.

Sasa geuza upande. Linares, 1998, Shirov dhidi ya Topalov. Wamebaki na askari na askofu mmoja mmoja, wa rangi tofauti, hali ambayo mara nyingi huishia sare. Shirov akamtupa askofu wake h3, aliwe na askari! Alichonunua ni muda: mfalme wake awahi katikati kuwasindikiza askari wake. Programu za wakati ule zilihangaika kuiona hatua hiyo, kwa sababu hasara iko hapa mbele na faida iko mbali, nje ya upeo wa hesabu yao.

Za leo ni nyingine kabisa, nakubali. Tangu 2020 Stockfish imeongezewa mtandao wa neva wa kupima hali ya mchezo, juu ya kasi yake ya kuhesabu. Leela yenyewe huchunguza hali chache zaidi, ikitegemea zaidi mtandao wake uliojifunza kwa kucheza peke yake. Ndiyo maana mara nyingine hizo mbili hazikubaliani. Sasa kijana wangu, zikitofautiana, utanitolea simu ya tatu?

Nyie mnaocheza huko Dar, Nairobi na Kampala, mngesogeza mfalme au mngetoa ngome?