Kompyuta yakupeleka usikotaka? Usikimbilie fundi

Tuseme unaishi Endebess, kule chini ya Mlima Elgon, na bintiyo ameitwa chuo kikuu. Jioni anawasha kompyuta ya nyumbani ili aombe mkopo wa HELB. Anaandika jina hilo, na badala ya Google anatua katika ukurasa asioujua, uliojaa matangazo ya kamari na ya dawa za kupunguza unene. Juu kabisa pana anwani inayofanana na ile ya bodi ya mikopo, nayo inamtaka aandike nambari ya kitambulisho na nywila. Akirudi nyuma, ukurasa ni ule ule. Akizima na kuwasha, mambo ni yale yale. Na bando la intaneti ulilonunua asubuhi limekwisha kumezwa na matangazo.

Hapo jirani atakushauri uifunge mashine vizuri, upande matatu hadi Kitale kwa fundi. Aghalabu fundi naye huwa na dawa moja tu: kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Picha za mazishi ya babu, maswali ya KCSE ya miaka iliyopita, hesabu za magunia ya mahindi, vyote vyaenda na maji, na juu ya hayo unalipa. Mimi nasema subiri kwanza. Mara nyingi ugonjwa huu hutibika pale pale sebuleni, mradi ufuate utaratibu.

Kilichoingia si virusi hasa. Ni programu ya matangazo inayoteka kivinjari, yaani ile programu ya kutembelea mitandao kama vile Chrome, Edge au Firefox. Hubadilisha ukurasa wa kwanza na mahali pa kutafutia, kisha kila unapotafuta jambo au kubofya tangazo, mwenye programu hupata senti zake. Senti hizo zikikusanywa kutoka kwa mamilioni ya watu huwa mali. Mwaka wa 2017 kampuni ya usalama ya Check Point ilitangaza kuwa programu moja ya aina hii, Fireball, iliyotoka kwa kampuni ya Beijing, ilikuwa imeingia katika kompyuta milioni 250 duniani. Microsoft ilisema hesabu hiyo imetiwa chumvi, lakini haikukana kwamba mdudu mwenyewe yupo. Wala hii si kazi ya wahuni wa vichochoroni pekee. Lenovo iliuza kompyuta mpya mwaka wa 2014 zikiwa tayari na Superfish, programu iliyopachika matangazo katika kurasa walizosoma watu, na hata kudhoofisha ile kufuli ya usalama inayotegemewa na mitandao ya benki.

Je, mgeni huyu aliingiaje kwako? Kwa kawaida alikaribishwa. Kijana alitafuta programu ya bure ya kubadilisha PDF au ya kunasa video, akabofya kile kitufe kikubwa cha kijani, kisha "Next", "Next", "Next" bila kusoma. Katikati pale palikuwa na kisanduku kidogo kilichotiwa alama tayari, kikisema kwamba amekubali programu nyingine mbili ziingie pamoja. Hata Java, programu yenye heshima zake, kwa miaka kadhaa ilikuja ikiwa imembeba Ask mgongoni kwa mtindo huo huo. Kwangu mimi hila hii ni mbaya kuliko wizi wa usiku, maana mwizi wa usiku hakuombi sahihi kwanza.

Basi tumfukuze. Kabla ya yote, kama kuna mtu aliyeandika nywila au PIN ya M-Pesa katika kurasa hizo, abadilishe sasa hivi, tena kwa simu, si kwa kompyuta hiyo.

Kosa la wengi ni kuanza kwa kurudisha Google. Kesho yake mgeni amerudi, kwa sababu programu iliyomleta bado imelala ndani. Anza na shina. Fungua "Settings", kisha "Apps", uipange orodha kwa tarehe, na utazame kilichoingia siku ile vituko vilipoanza. Jina geni lenye tarehe hiyo liondoe kwa "Uninstall". Usiguse vitu vya Microsoft, vya Intel wala vya kampuni iliyounda mashine yako, usije ukang'oa na jino zima.

Ndipo uingie ndani ya kivinjari. Tafuta viendelezi, palipoandikwa "Extensions", na uondoe kila ambacho hakuna mtu nyumbani anayeweza kukueleza kazi yake. Kisha tumia "Reset settings". Kurasa ulizotia alama na nywila ulizohifadhi hazitafutika. Angalia pia ile picha ndogo ya Chrome unayobofya kuifungua. Bofya kwa upande wa kulia wa kipanya, chagua "Properties", usome mstari wa "Target". Ukiona anwani ya mtandao baada ya chrome.exe, ifute. Na kama kijana ameunganisha Chrome na akaunti yake ya Google, ajue kwamba kiendelezi hicho kinaweza kumfuata kutoka kompyuta nyingine anayotumia, mathalani ile ya saiba. Huko nako pasafishwe.

Yale matangazo yanayochomoza pembeni chini, yakidai kompyuta yako ina virusi 5, mara nyingi si virusi hata kidogo. Ni arifa tu, ambazo mtu aliziruhusu siku moja kwa kubofya "Allow". Tafuta "Notifications" katika mipangilio ya kivinjari, uondoe kila mtandao usioujua, nazo zitanyamaza papo hapo.

Mwisho, amrisha Windows Security ichunguze mashine nzima. Ipo tayari, wala huinunui. Ukitaka msaidizi, AdwCleaner ya Malwarebytes ni ya bure, lakini ichukue kwa Malwarebytes wenyewe, kwa maana hata dawa hii ina bandia zake. Na bintiyo asitafute HELB tena, aandike helb.co.ke pale juu kwa mkono wake. Vivyo hivyo kwa ecitizen.go.ke.

Kama baada ya hayo yote vituko vinaendelea, au mashine yako bado ni ya Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025, hapo safari ya Kitale ina maana. Nakili picha na hesabu zako katika flashi kabla hujatoka nyumbani.