Uhai ukipatikana Mirihi, tutajuaje si wetu?

Septemba 2025 NASA ilitangaza kuwa mwamba uliotobolewa na kigari chake, Perseverance, kule Mirihi una alama ambazo huenda ziliachwa na viumbe wadogo wa kale. Huenda. Alama zenyewe ni za madini, hakuna aliyeona kijidudu. Lakini hebu tuseme siku moja sampuli hiyo inafunguliwa maabara hapa duniani na ndani mna bakteria. Ni wa Mirihi, ama alipanda chombo California?

Usicheke. Katika vyumba vya Pasadena ambamo vyombo hivi huunganishwa, hewa huchujwa na mafundi hujifunika utosini hadi nyayoni. Hata hivyo, humo humo walimpata bakteria Bacillus pumilus SAFR-032, ambaye spora zake huvumilia miale ya urujuanimno kuliko zile za kawaida za maabara.

Spora ni bakteria aliyejifungia ndani ya magamba na kulala fofofo mambo yalipokuwa magumu. (Kimeta kinachoua ng'ombe wetu hukaa udongoni miaka mingi kwa mtindo huo huo.) Miale ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza ngozi, hugandanisha vipande jirani vya DNA vinavyoitwa thaimini, na maandishi ya urithi hayasomeki tena. Ndani ya spora, protini ndogo huifunika DNA na kubadilisha mkao wake, kwa hivyo jeraha linalotokea ni la aina moja hasa. Na aina hiyo ina fundi wake.

Cha ajabu, spora iliyolala haijitibu kamwe. Haina nguvu ya kufanya lolote, majeraha yanarundikana tu. Ikipata maji na chakula inaamka, na hapo kimeng'enya maalum huachanisha zile thaimini zilizogandana na kuzirudisha zilivyokuwa, bila kukata uzi wa DNA na bila kuhitaji mwanga. Ndiyo maana spora huhimili miale hiyo mara 10 hadi 50 kuliko bakteria yule yule akiwa macho.

Si kwamba hazifi. Kati ya 2008 na 2009 spora ziliwekwa nje ya kituo cha anga za juu kwa takriban miezi 18. Zilizopigwa na jua moja kwa moja ziliangamia karibu zote, zilizokuwa gizani nyingi ziliamka. Na chombo cha anga kina giza tele, chini ya skrubu na ndani ya mikunjo ya nyaya.

NASA huruhusu spora zisizozidi 300,000 juu ya chombo kinachotua Mirihi, na mirija ya sampuli iliwekewa masharti makali zaidi. Mimi naiamini mirija. Siamini kwamba kusafisha kunatosha bila orodha kamili ya DNA ya kila kijidudu kilichopatikana katika vyumba vile, ya kulinganisha. Kwa sasa sampuli yenyewe bado imo ndani ya Perseverance, huko huko Mirihi.